Mtoto Wake wa Thika

Siku ya kwanza msichana aliponiambia ana mtoto wake Thika, nilikuwa nashona sketi za shule na mdomo umejaa pini. Niliitikia kwa pua. Alikuwa gredi ya kwanza, ameketi chini ya meza ya cherehani akichambua vipande vya vitambaa, na mtu wa umri huo anaweza kuwa na mtoto popote: Thika, mwezini, ndani ya kiatu. Nilipotema pini nikamuuliza huyo mtoto anaitwa nani. Akasema haitwi kitu, ni mtoto wake tu.

"Anafanyanga kazi ya njugu," akasema.

Nikamwambia ni vizuri mtoto kuwa na kazi siku hizi, nikarudi kwenye sketi zangu.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Mugutha, upande wa Ruiru. Nilikuja huku kutoka Magharibi nikiwa nimeolewa juzi juzi, nikazaa wana wawili, wakakua, wakaoa, wakaenda zao, na nyumba ikawa kimya mpaka mimi na mzee wangu tukaanza kugombana kwa kukosa la kufanya. Mzee ni fundi wa mabomba na ni mpole. Mimi si mpole. Yeye ndiye aliyesikia kanisani kwamba ofisi ya watoto inatafuta familia za kuwalea kwa muda watoto waliobaki bila mtu, na yeye ndiye aliyesema tujaribu. Nilimwambia mimi nimeshalea, nimechoka, mgongo unauma. Akasema sawa, halafu akaanza kupaka rangi chumba cha wavulana bila kuniuliza.

Msichana aliletwa kwetu baada ya mama yake kufariki. Walikuwa wawili tu, yeye na mama, katika chumba cha kupanga ng'ambo ya pili ya mji. Mama aliugua muda mfupi, akalazwa, hakurudi. Simu yake ilipotea katika zile mbio za kumpeleka hospitali, na ndani ya simu hiyo ndimo walimokuwa watu wake wote. Majirani walichanga, wakamzika, wakampeleka mtoto kwa chifu, na chifu akaita ofisi ya watoto. Nilimpokea jioni moja amevaa sweta iliyombana kwapani. Kabla hajalala nilikuwa nimeshaifumua na kuitia kipande.

Afisa wa watoto alitueleza mapema kwamba kwetu ni pa kungojea tu. Ndugu wa mtoto wakipatikana, na wakiwa watu wa kuaminika, mtoto ataenda kwao. Nilikubali jinsi unavyomkubalia daktari anapokwambia upunguze chumvi. Moyoni nilitaka wasipatikane. Msichana alikuwa anaimba akioga, anakunja nguo zake mwenyewe, na asubuhi alikuwa anakuja jikoni kuniuliza nimeamkaje, swali ambalo wanangu wawili hawakuwahi kuniuliza hata siku moja. Nilimpenda, na mimi nikipenda kitu sikiachii kwa urahisi. Hata mzee atakwambia.

Afisa yule alimuuliza mtoto maswali yote yanayofaa. Una shosho? Alifariki. Una baba? Simjui. Una anti? Hapana. Una mjomba? Hapana. Basi, mtoto hakuwa na mtu.

Lakini huyu mtoto wake wa Thika hakuisha. Nikimpa vipande vya kitambaa, kimoja anaweka kando cha mtoto wake. Krismasi tulichinja kuku, na yeye akaomba paja lihifadhiwe, mtoto wake huenda akaja. Nilimwambia paja litaoza. Akafikiri kidogo akasema basi alile mzee, lakini asitafune mifupa. Mzee alitaka tumtajie afisa jambo hili, pengine lina maana. Nikamwambia maana yake iko wazi: mtoto amefiwa na mama, sasa anajifanya mama. Niliwaeleza kina mama wa kikundi chetu cha maombi, ambao karibu wote ni wa kwetu Magharibi, nao wakaona kama mimi. Mmoja alilia. Tukamwombea, tena kwa sauti kubwa.

Hapo ndipo mtu atashangaa tulivyokuwa vipofu kwa pamoja. Tungemtajia jirani yangu yeyote mwenyeji wa hapa, muuza maziwa, mwenye nyumba, mtu yeyote, angetucheka papo hapo. Lakini jambo la huzuni la nyumbani mtu humpelekea wa kwao, na wa kwetu walijua kilekile nilichokijua mimi. Kwetu pia tunarithisha majina ya wazee waliotutangulia. Mtoto anapewa jina la bibi yake, watu wanafurahi, wanakula, basi. Jina ni jina. Hapa kwa Wakikuyu si hivyo, na nilikuwa nimeishi kati yao miaka yote hiyo, nimewashonea harusi na mazishi, bila kulitambua.

Afisa wa kwanza alihamishwa, akaja mwingine, mama wa makamo wa huku huku, mwenye raba nyeupe miguuni na mkoba mkubwa. Huyu alikuwa na namna yake ya kazi. Hakuuliza mtoto ana ndugu gani. Alikaa sakafuni kando ya meza ya cherehani, akachukua vipande vya vitambaa akaanza kuvichambua pamoja naye, na katikati ya rangi ya bluu na ya kijani akauliza ni nani alikuwa akimfanya mama acheke kwa simu.

"Mtoto wangu," akasema msichana.

Nilimkonyeza afisa kumwonyesha kwamba hayo ni mambo ya mtoto, ayapite. Hakuyapita. Aliweka kitambaa chini.

"Na huyo mtoto wako anakuitanga nani?"

"Maitu."

"Na wewe uliitwa jina ya nani?"

"Ya shosho. Mama ya mama yangu."

Afisa akageuka kunitazama, akaanza kucheka, halafu akaacha ghafla, akafuta macho. Akanieleza pale pale sakafuni. Maitu ni mama yangu kwa Kikuyu. Mtoto akipewa jina la bibi, kwa watoto wa yule bibi anakuwa mama yao. Wanamwita mama, wanamletea zawadi kama mama, wanamtania, wanamshtakia shida zao. Kwa hiyo huyo wa Thika huenda ni dada yake mama, aliyefiwa na mama yake mzazi; akimwona msichana huyu anamwona mama, na kumwambia mimi ni mtoto wako si mchezo wala si uongo. Marehemu bila shaka alikuwa akimwambia, mtoto wako amepiga simu, mtoto wako amekuletea viatu. Hakuwahi kumwambia huyo ni anti. Msichana alipoulizwa kama ana anti na mjomba alisema ukweli alioujua. Alikuwa na watoto tu, na hakuna mtu mzima aliyekuwa na akili ya kumuuliza mtoto kama ana watoto.

Nilisikia aibu, nikaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Afisa alikwenda Thika wiki hiyo hiyo. Kule kuna viwanda vya makadamia, na hizo ndizo njugu alizotaja mtoto, lakini hakujua ni kipi, basi akasimama kwenye geti moja baada ya lingine wakati zamu zinapobadilishana. Alituhadithia baadaye. Aliwauliza kina mama wanaotoka kama kuna mwenye mama aliyeitwa jina la msichana, na kwa kuwa majina ya huku yanazunguka yale yale tangu zamani, nusu ya geti ilisimama. Wengine wakataka kujua kama kuna urithi. Akaongeza: mwenye dada aliyehamia Ruiru. Wakapungua. Akaongeza: dada mwenye msichana mdogo. Mmoja tu akabaki, na huyo akaketi kwenye ukingo wa mtaro kabla hajaambiwa neno, kwa sababu mtu hatafutwi getini na mama mwenye mkoba kwa habari njema.

Walikuwa wamekosana, yeye na dada yake, jambo dogo la maneno. Dada akahama Thika, akabadilisha laini ya simu. Mdogo mtu alidhani ile ni hasira, itapoa. Siku ile getini alipata msiba na mtoto kwa pumzi moja.

Alikuja kwetu Jumapili iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa kumchunguza, nasema wazi. Nilimtazama kuanzia viatu. Alikuwa mwanamke mwembamba, bado kijana, mikono imekwaruzwa vidoleni, amevaa gauni safi lenye pindo lililoshonwa kwa mkono, na lilikuwa limeshonwa vizuri, jambo lililoniudhi. Msichana alisimama mlangoni. Nilidhani watarukiana, wakumbatiane, kama wanavyofanya kwenye runinga. Hakuna. Yule mwanamke aliinama akampa mtoto mikono miwili, kwa adabu, kama unavyomsalimu mama mkwe. Akatoa kwenye kiondo sukari, majani ya chai na leso mpya, akampa. Mtoto akapokea kwa mikono miwili, akaviweka chini, akamtazama uso.

"Umekula?"

"Nimekula, maitu."

"Umekonda."

Hapo yule mwanamke akapiga magoti sakafuni kwangu akalia, na mtoto akamfungulia leso akampa ashike pembe moja ya kufutia machozi. Mzee alitoka nje akajifanya anakagua tangi la maji. Mimi nilibaki nimeshika sufuria. Kusema kweli nilikuwa nimekasirika kidogo, kwa sababu sukari ililetwa nyumbani kwangu na si mimi niliyeletewa.

Afisa hakuwa mtu wa haraka. Alisema mtoto amepoteza vya kutosha, hatang'olewa kwetu kwa mkupuo ati kwa kuwa damu imepatikana. Anti atakuja kila Jumapili. Simu atapiga katikati ya wiki. Na huku nyuma ataonyesha kama anaweza kumlea, maana alikuwa anakaa chumba kimoja Makongeni kule Thika na anafanya zamu ya usiku, na mtoto hawezi kufungiwa peke yake usiku. Hilo la zamu nililishika kwa mikono miwili. Nilimwambia mzee kila jioni: atamwacha na nani, mlango atamfungia nani, akiota ndoto mbaya atamwamsha nani. Mzee alisema ni maswali mazuri na nimuulize tena kesho, kwa kuwa hata hivyo nitayauliza.

Nikawa nangoja Jumapili atakayokosa. Watu huanza kwa moto, nimeona wengi, wanakuja mara mbili tatu, kisha mvua, kisha homa, kisha simu haishiki. Huyu alikuja kwenye mvua. Alikuja na homa, akakaa nje kwenye baraza amejifunika mdomo ili asimwambukize mtoto, wakaongea kupitia dirishani. Mara moja tu hakuweza, kiwanda kilikuwa na shehena ya kusafirishwa, na alipiga simu Ijumaa, akamweleza mtoto mwenyewe, si mimi, akaomba ruhusa. Mtoto alifikiria. Akamwambia sawa, lakini avae soksi. Nimewahi kuahidiwa mengi na watu wazima maishani mwangu, na sijamwona anayechunga neno alilompa mtu wa umri ule kama yule mwanamke alivyolichunga. Nilianza kumheshimu kabla sijaanza kumpenda, na nilipambana na vyote viwili.

Siku moja alituomba tuandamane naye kwenda Murera, kwa kaka yao mkubwa. Ana shamba dogo, ng'ombe wawili na nyumba iliyojaa watoto wake mwenyewe hadi darini. Yeye pia alikuwa amempoteza dada bila kujua. Tulipofika, lile jitu zima lenye ndevu za mvi lilivua kofia mbele ya msichana wangu. Likamletea kigoda. Mimi niliachiwa kiti cha plastiki chenye ufa. Halafu akamtembeza shambani, akamwonyesha ndama, akamshtakia kwamba dada yake wa Thika hampigii simu, kwamba mke wake anamnyima chumvi, kwamba goti linamsumbua. Mtoto alisikiliza yote mikono nyuma. Mwisho akamuuliza mbona hajanyoa. Yule mjomba akaingia ndani, na tulipokuwa tunamaliza chai akatoka amenyoa, akaketi kwa utulivu, kidevu kinang'aa.

Tulicheka mpaka mke wake akashikilia mlango. Lakini kilichonibakia moyoni ni kingine. Kuna mparachichi nyuma ya boma, na mjomba alimwonyesha msichana tawi alilopanda mama yake akiwa mdogo, akakataa kushuka siku nzima kwa sababu alikuwa ametumwa maji na ilikuwa zamu ya mwingine. Akakaa kule juu akila maparachichi mabichi hadi tumbo likamshusha lenyewe. Msichana aliutazama ule mti kwa muda mrefu sana. Mama aliyemjua yeye alikuwa mtu mzima, mchovu, kisha mgonjwa, kisha hayupo. Hapa akapewa mama mwenye magoti yenye vumbi na kichwa kigumu. Mimi naweza kumshonea mtoto nguo yoyote, naweza kumpa chakula na kumkemea na kumpeleka kliniki, lakini tawi lile nisingeweza kumpa hata nikiishi miaka mia. Nililijua hilo pale pale, na nililia kwenye njia ya kurudi huku nikisema ni vumbi. Mzee akanipa kitambaa chake cha mkono akasema kweli Murera kuna vumbi.

Unadhani baada ya hapo nililegea. Sikulegea. Bado nilikuwa na ile zamu ya usiku, nimeikumbatia.

Yeye naye alikuwa anapambana nayo upande wake. Alimwomba supavaiza amhamishe mchana, akakataliwa, akaomba tena mwezi uliofuata. Alitafuta nyumba ya vyumba viwili kwenye ploti ambayo mwenye nyumba ni mjane wa kanisa lao, mtu wa kuwa nyumbani mchana kutwa. Alikwenda kwenye shule ya karibu kuuliza nafasi. Hakunijia na majigambo ya haya yote, niliyapata kwa afisa. Kwangu alikuja na sukari ya mtoto wake, samahani, ya mama yake, hata mimi nilikuwa nimeanza kuchanganyikiwa.

Jumapili moja alifika akitoka zamu moja kwa moja, hajagusa kitanda. Nilikuwa nimepika ugali na mboga ya mrenda na samaki, na nilikuwa nimeamua leo nitamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno: kwamba tunamshukuru, kwamba aje siku yoyote, mlango uko wazi, lakini mtoto abaki hapa ambapo watu wanalala usiku. Nilingoja anawe mikono. Nilingoja tuombe. Nikafungua mdomo, na yeye alikuwa amelala. Kichwa kwenye mkono, tonge la ugali bado liko vidoleni, halijachovywa.

Nilimtazama mzee, kumwonyesha: unaona? Nilichokuwa nikisema ndicho hiki.

Msichana aliteremka kitini. Akalitoa lile tonge vidoleni pole pole akalirudisha kwenye sahani. Akaenda chumbani akarudi na leso, akapanda stuli, akamfunika mabega, akavuta pembe ili isiteleze. Redio ilikuwa inaimba kwaya. Akanijia akaninong'oneza.

"Shosho, punguza redio. Usiku alikuwa kazini."

Nilipunguza redio. Tukala kwa kunong'ona, watu watatu, huku wa nne anakoroma. Na mtoto alikula huku anamwangalia, anapima, jinsi mama anavyomwangalia aliyelala na homa. Sikuwa nimemwona akiwa hivyo. Kwetu alikuwa mtoto mzuri, mtiifu, anayekunja nguo zake. Ule utiifu nilikuwa nimeupenda na sikuwahi kujiuliza ulitoka wapi. Siku ile niliona kwamba ulikuwa wa mgeni. Kwa huyu mwanamke aliyelala mezani hakuwa mgeni. Alikuwa na mtu wa kumtunza na wa kumwamrisha avae soksi, na mtu huyo alikuwa anasafiri kila Jumapili bila kulala ili aje aamrishwe. Yale maneno niliyokuwa nimeyapanga nikayameza na samaki.

Alipoamka aliona haya sana, akaomba radhi mara nyingi. Nilimjibu kwa ukali kwamba chakula chake kimepoa na aende akapashe. Hiyo ndiyo namna yangu. Nadhani alielewa, kwa sababu kuanzia siku hiyo akaacha kuniita madam, akaniita mama.

Haikupita muda supavaiza akachoka kuombwa. Akamweka zamu ya mchana. Afisa alikagua nyumba, akaongea na yule mjane, akaenda shule, akarudi tena bila kutoa taarifa, akaridhika. Tukaitwa ofisi ya watoto, sisi wote: mimi na mzee, anti, na msichana katikati, amevaa gauni la bluu nililomshonea na kumwachia pindo kubwa la kushusha akirefuka. Mjomba wa Murera alikuja pia akakaa nyuma, amenyoa.

Afisa alieleza kitu ambacho ningependa nikisikie mapema zaidi. Mtoto hahamishwi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kama kiti. Anaongezewa. Shule zikifungwa atakuja Ruiru, na sisi tutakwenda Thika tukitaka, na hakuna atakayekatwa. Nilitikisa kichwa kama anayesikiliza. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa natazama visigino vya msichana vinavyoning'inia bila kugusa sakafu. Viatu vilihitaji kisigino kipya na sikuwa nimeviwahi.

Kisha afisa akainama akamuuliza mtoto angependa kuishi wapi. Akamwambia hakuna jibu baya, na hakuna mtu atakayemkasirikia. Aliponitazama mimi wakati wa kusema hilo la mwisho, niliona haya.

Msichana aliniangalia, akamwangalia mzee. Ofisi ile ina dirisha linaloelekea barabarani, na kulikuwa na mtu anauza ndizi nje, tukamsikia akikubaliana bei na mteja mpaka wakamaliza.

"Kwa mtoto wangu," akasema.

"Na shosho yako wa Ruiru?" akauliza afisa, kwa upole.

"Shosho ako na mzee." Alisema hivyo kama anayefafanua jambo kwa watu wazito kuelewa. "Huyu hana mama mwingine."

Afisa aliniuliza kama nina pingamizi. Nikasema sina. Sauti ilitoka vibaya, nikarudia ili isikike: sina. Mzee alinishika mkono chini ya meza na sikuutoa. Na yule mwanamke wa Thika, aliyestahimili geti na mvua na zamu za usiku bila kulalamika, aliangusha kichwa kwenye bega dogo la gauni langu la bluu, akalia kwa sauti mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia. Msichana alimzungushia mkono. Akawa anampigapiga mgongo taratibu, huku akinitazama mimi juu ya kichwa chake, kama mzazi anayeomba radhi kwa kelele za mwanawe.